Gari lililozama majini: lichunguze kabla ya kutoa pesa



Msimu wa vimbunga huku kwetu Texas huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Kila mwaka katika jarida hili tunakumbushana kuweka maji ya kunywa, tochi, betri na dawa. Safari hii nimeombwa niandike kuhusu jambo linalokuja baadaye, barabara zikishakauka na watu wakishasahau. Ni magari yaliyozama kwenye mafuriko, yakaoshwa, yakapuliziwa manukato, kisha yakauzwa kama magari mazima.

Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, familia nyingi za shule yetu hununua gari la kwanza kwa pesa taslimu. Ni akiba ya mwaka mzima ya zamu za usiku, usafi wa ofisi na kazi za kiwandani. Pesa hiyo ikipotea, kazi nayo inaweza kupotea, maana hapa Houston bila gari hufiki popote. Pili, nyinyi watoto ndio mnaowasomea wazazi karatasi za Kiingereza kwenye yadi za magari. Kwa hiyo somo hili ni la mzazi na mtoto pamoja. Someni wote wawili.

Mimi ni muuguzi, si fundi wa magari. Lakini nimeona kwamba kumchunguza mgonjwa na kuchunguza gari hufanana. Kwanza unauliza historia, kisha unatumia macho, pua na mikono, halafu unapeleka vipimo kwa anayejua zaidi. Nitafuata mpangilio huo huo.

MAGARI HAYA YANATOKA WAPI?

Wengi wetu tunakumbuka Harvey. Kimbunga hicho kilitua pwani ya Texas karibu na mji wa Rockport tarehe 25 Agosti 2017, kisha kikakaa juu yetu kwa siku kadhaa badala ya kupita. Huko Nederland, mashariki ya Houston, mvua yake ilizidi milimita 1,500. Hiyo ni zaidi ya mvua ambayo Dar es Salaam hupata kwa kawaida katika mwaka mzima. Magari yaliyoharibika yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Uwanja wa zamani wa mbio za magari wa Texas World Speedway, karibu na College Station, ulijaa magari yaliyopangwa safu kwa safu yakisubiri kupigwa mnada.

Sasa fuateni njia ya gari moja. Kama mwenye gari alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiharibiwa na mafuriko, kampuni ya bima humlipa na kulichukua gari. Hati ya umiliki hubadilishwa na kuandikwa kwamba gari hilo limeharibika. Kisha linauzwa mnadani. Wanunuzi wa huko wengine ni wanaofungua spea, wengine husafirisha magari nje ya nchi, na wengine hulitengeneza waliuze tena. Mpaka hapo hakuna kosa. Sheria haikatazi kuuza gari lililozama ikiwa mnunuzi ameambiwa ukweli na bei inaonyesha ukweli huo.

Matatizo huanzia sehemu mbili.

Ya kwanza ni pale hati inapohamishwa. Kila jimbo la Marekani lina maneno yake ya kuandika kwenye hati, na sheria hazifanani. Mtu mjanja hulipeleka gari kwenye jimbo lingine, akaomba hati mpya, na lile neno la onyo likapotea njiani. Hati inakuwa imeoshwa kama gari lenyewe. Ndiyo maana gari lililozama Texas linaweza kuuzwa kwenye jimbo ambalo halijapata kimbunga hata siku moja.

Ya pili haizungumzwi sana, nayo inatuhusu zaidi. Kama mwenye gari alikuwa na bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga, hakuna anayemlipa gari lake likizama. Kampuni ya bima haihusiki kabisa, hivyo hakuna anayeandika chochote kwenye hati. Hati inabaki safi ingawa gari lilijaa maji mpaka kwenye viti. Mwenyewe naye amepata hasara na anataka kurudisha hata nusu. Analiosha, analiweka mtandaoni au anabandika karatasi kwenye kioo, na bei inapendeza. Kwa hiyo hati safi peke yake haithibitishi kwamba gari ni zima.

MAJI HUFANYA NINI NDANI YA GARI?

Methali yetu inasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Gari lililozama ndivyo lilivyo. Siku unapolinunua linaweza kuwaka vizuri na kukimbia bila shida. Maradhi yanakuja polepole.

Gari la siku hizi limejaa kompyuta ndogo na nyaya. Maji yakiingia kwenye maungio ya nyaya, kutu huanza kula shaba kidogo kidogo. Baada ya wiki au miezi, taa inazima yenyewe, kioo hakishuki, au gari linazimika katikati ya barabara kuu. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi kuliko ya mvua, kwa sababu chumvi huharakisha kutu. Watu wa Galveston walilijua hilo mwaka 2008, kimbunga Ike kilipoisukuma bahari mpaka mitaani.

Linalonitia hofu kama muuguzi ni mifuko ya hewa ya usalama, ile inayofunguka mnapogongana. Kompyuta inayoiamuru ifunguke kwa kawaida hufungwa chini, katikati ya viti vya mbele, mahali ambapo maji hufika mapema. Ikiwa imeliwa na kutu, mfuko unaweza usifunguke siku unapouhitaji. Breki nazo zina kompyuta na vihisio vyake. Kwa hiyo mbali na pesa, hapa tunazungumzia watoto waliokaa kiti cha nyuma.

Injini ina shida yake. Hewa inaweza kugandamizwa ndani ya silinda, maji hayagandamiziki. Gari likiwashwa maji yakiwa ndani ya silinda, vyuma vinaweza kupinda au kuvunjika mara moja.

Halafu kuna kuvu. Maji ya mafuriko yamebeba tope, mafuta na maji taka. Yakikaa ndani ya sponji za viti na chini ya kapeti, kuvu huota hata kama juu pamekauka. Mtoto mwenye pumu akisafiri humo kila siku, kifua hakitapona. Kama mtoto anakohoa akiwa garini na kupata nafuu akishuka, lichunguzeni gari pia.

Na magari ya umeme? Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyoingiwa na maji ya bahari yaliwaka moto, mengine siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Gari la namna hiyo lisiegeshwe karibu na nyumba wala ndani ya gereji.

HATUA YA KWANZA: HISTORIA

Kabla ya kwenda kuliona gari, omba namba ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17. Utaiona chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na pia kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hizo mbili lazima zilingane, na zilingane na iliyo kwenye hati. Muuzaji akikataa kukupa namba hiyo, usiende. Mgonjwa anayeficha kadi yake ana sababu.

Ukishaipata, itafute mahali patatu:

1. VINCheck ya NICB. Ni bure. Inaonyesha kama kampuni za bima zilizo wanachama zimewahi kuripoti gari hilo kuwa limeibwa au limeharibika kabisa.
2. Ukaguzi wa mafuriko wa Carfax. Nao ni bure.
3. Ripoti ya NMVTIS. Hii ni kumbukumbu ya taifa iliyotokana na sheria ya mwaka 1992, na kampuni za bima, minada na wanaofungua magari hutakiwa kutoa taarifa humo. Ripoti hulipiwa dola chache. Faida yake ni kwamba hukusanya taarifa za majimbo mbalimbali, kwa hiyo hati iliyooshwa inaweza kukamatwa hapo.

Soma majina ya mahali gari lilipowahi kusajiliwa. Likiwa lilikuwa kwenye eneo lenye mafuriko mwezi ule ule wa mafuriko, kisha likahamia mbali ghafla, uliza kwa nini.

Kwenye hati yenyewe tafuta maneno salvage, rebuilt na flood. La kwanza ni gari lililohesabiwa limeharibika. La pili ni gari lililoharibika likatengenezwa upya. La tatu ni mafuriko. Watoto, mkiliona neno lolote kati ya haya, mwambieni mzazi kwa sauti kabla hajatoa pesa. Msione haya. Hiyo ndiyo kazi ya mkalimani mzuri.

Na kumbukeni nilivyosema: ripoti ikiwa chafu, ondoka, ripoti ikiwa safi, endelea na hatua ya pili. Safi maana yake ni kwamba hakuna aliyeripoti. Haina maana kwamba halikuzama.

HATUA YA PILI: MACHO, PUA NA MIKONO

Nenda mchana, siku isiyo na mvua. Chukua tochi na kitambaa cheupe. Mwambie muuzaji mapema asiwashe kipoza hewa wala kufungua madirisha kabla hujafika.

Pua kwanza. Fungua mlango, ingia, funga, ukae dakika moja. Harufu ya uvundo kama nguo zilizokunjwa mbichi ni dalili. Manukato makali mno ni dalili pia, maana mtu hafukizi ubani bila sababu. Kisha washa kipoza hewa na joto kwa zamu, unuse tena.

Mikono na macho ndani ya gari:

- Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho kabisa. Wanaoosha magari husahau sehemu inayokaa ndani. Ukiona mstari wa tope au doa la maji, umepata jibu.
- Inua pembe ya kapeti. Bonyeza kwa kitambaa cheupe. Angalia unyevu, mchanga au tope. Gari la miaka 10 lenye kapeti mpya kabisa liulizwe.
- Angalia chini ya viti, kwenye skrubu na reli. Kutu mahali ambapo mvua haifiki imeletwa na maji mengi.
- Mulika chini ya dashibodi. Nyaya zilizowahi kulowa na kukauka huwa ngumu na zinaweza kupasuka zikikunjwa. Tope kwenye maungio halidanganyi.
- Washa switchi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeizima ili usijue.
- Jaribu kila kitu: vioo vyote, redio, taa zote, waipa, kufuli, honi. Kisha urudie mara ya pili.

Nje ya gari:

- Fungua buti, inua tairi la akiba. Shimo lile hukusanya maji na tope, na watu wengi hawalifikii wanapoosha.
- Angalia ndani ya vioo vya taa. Mvuke au mstari wa maji ndani ya taa ni dalili.
- Chini ya milango kuna vizibo vidogo vya mpira. Vikiwa vimetolewa au vimechokonolewa, inawezekana kuna mtu aliyekuwa anatoa maji.
- Fungua boneti, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nzuri ni ya rangi ya asali au nyeusi ikishatumika. Ikifanana na chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Chungulia pia mahali chujio la hewa linapokaa; likiwa na tope, maji yalifika juu sana.

Dalili moja peke yake si hukumu. Mtu anaweza kumwaga maziwa kwenye kapeti na harufu ikabaki. Lakini dalili tatu au nne pamoja, kama tunavyosema wodini, ni ugonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

HATUA YA TATU: VIPIMO

Gari likipita hatua mbili za mwanzo, lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe. Fundi wa muuzaji hafai, wala rafiki wa muuzaji. Mwambie kabisa, "Nataka uniangalizie kama gari hili liliwahi kuzama." Atalipandisha juu na kuunganisha kompyuta yake. Ukaguzi wa namna hii kwa kawaida ni dola 100 hadi 200. Najua ni pesa nyingi kwa gari ambalo bado si lako. Lakini hebu pima.

Baba mmoja ninayefanya naye kazi alinunua gari la familia kwa dola 6,500 kwa mtu aliyelitangaza mtandaoni. Hati ilikuwa safi. Bei ilikuwa chini kwa karibu dola 2,000 kuliko magari mengine ya aina ile, na muuzaji alisema ana safari, anataka kuuza kesho yake. Mwezi wa tatu milango ya pembeni ikaanza kujifungua yenyewe. Kisha taa za mbele zikazima usiku akiwa barabara kuu na watoto wanne ndani. Fundi alipofungua kapeti alikuta tope limekauka kama udongo wa kufinyangia. Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Mwisho aliliuza gari lile kwa spea, akapata dola 900, na kwa miezi minne mke wake alifika kazini kwa lifti za watu. Watoto walinusurika, alhamdulillahi. Hasara ya pesa ilimkuta, na ukaguzi wa dola 150 ungemwepusha nayo.

KABLA YA KUSAINI

Yadi za magari zinatakiwa na sheria ya serikali kuu kubandika kwenye dirisha la gari lililotumika karatasi iitwayo Buyers Guide. Isomeni. Ikiwa kiboksi cha maneno As Is kimewekewa alama, maana yake ni kwamba unalichukua lilivyo, na likiharibika kesho, matengenezo ni juu yako. Mtu binafsi anayeuza gari lake hatakiwi kubandika karatasi hiyo, kwa hiyo hapo uwe makini zaidi.

Wengi wetu tumeambiwa kwamba Marekani una siku tatu za kurudisha kitu. Kwa gari ulilonunua kwenye yadi, sheria hiyo haipo. Ukishasaini na kuondoka nalo, ni lako, isipokuwa yadi yenyewe iwe imekuahidi kwa maandishi kwamba utaweza kulirudisha.

Muulize muuzaji swali hili, na watoto mtafsiri neno kwa neno: "Gari hili limewahi kuingiwa na maji ya mafuriko?" Kisha mwambie aandike jibu kwenye karatasi ya mauzo na kutia saini. Muuzaji mkweli haoni taabu. Anayeanza kugeuza maneno amekujibu tayari. Na anayekuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni, mwachie huyo mwingine. Haraka haraka haina baraka.

KAMA NI GARI LAKO LILILOZAMA

Usiliwashe, hata kwa kujaribu. Kama ni salama kulifikia, mwambie fundi akate waya wa betri. Piga picha zinazoonyesha maji yalifika wapi, kisha piga simu ya bima siku hiyo hiyo. Kiti cha mtoto kilichozama kisitumike tena. Na ukiamua kuliuza, mwambie mnunuzi ukweli, maana mnunuzi naye ana watoto.

Jambo lingine: msiendeshe ndani ya maji yanayopita. Maji yaendayo kasi yenye kina cha inchi 12 yanaweza kubeba magari mengi madogo. Geukeni mrudi.

KWA NDUGU WALIOKO NYUMBANI

Familia zetu zenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, ambako watu huendesha upande wa kulia kama hapa, wakati mwingine hununua magari minadani Marekani na kuyasafirisha. Wengine wana ndugu wanaonunua magari Dubai na Sharjah kupeleka Afrika Mashariki. Kumbukeni kwamba hata Imarati zilipata mafuriko makubwa tarehe 16 Aprili 2024, na magari mengi yalizama. Atakayelipokea gari Goma au Bujumbura hana fundi wa kompyuta kila kona, na hana muuzaji wa kumdai. Mkagulieni kama mngejikagulia wenyewe.

KAZI YA WIKI KWA WANAFUNZI

Maneno ya kujifunza: boneti, buti, usukani, kioo cha mbele, mkanda wa usalama, tairi la akiba, chujio la hewa, namba ya chesisi, hati ya umiliki, mnada, dhamana, kutu, kuvu, tope.

1. Pamoja na mzazi, tafuteni namba ya chesisi ya gari lenu. Hesabu kama zipo 17. Haina herufi I, O wala Q. Kwa nini? (Fikiria zinafanana na tarakimu zipi.)
2. Vuta mkanda wa usalama wa kila kiti mpaka mwisho. Eleza kwa sentensi tatu za Kiswahili ulichokiona.
3. Igizeni wawili wawili: mmoja muuzaji anayetaka kuuza haraka, mwingine mkalimani wa mama yake. Mkalimani aulize maswali matano. Tutasikilizana Jumamosi.
4. Eleza maana ya methali "mficha maradhi, kifo humuumbua" kwa mfano wako mwenyewe usiohusu magari.

Mzazi anayetaka kununua gari na hana wa kumsomea karatasi, anione baada ya vipindi. Darasa la wakubwa wako tayari kusaidia kutafsiri.